Mtu Akizama Haitwi

Jambo zima liligharimu tola moja ya dhahabu kasoro vijiti vinne vya kiberiti, mshahara wa miezi tisa, baiskeli moja yenye kengele, na samaki mmoja wa Kasenyi ambaye hakuna aliyemla. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Mara ya kwanza nilipata hivyo. Mara ya pili, mwezi uliopita, niliongeza mtu, na tangu hapo hesabu haitaki kufunga. Katika vyote hivyo mimi sikutoa hata kimoja. Nasema mapema ili msomaji asifikiri ninalilia hasara yangu. Mimi nilipata faida: kazi ya kudumu, nyumba ya bati, na jina sokoni, Mama Kavira asiyeibiwa kwa mizani. Nimelala vizuri miaka mingi, kwa sababu mwenye kuhesabu kila kitu huchoka, na mwenye kuchoka hulala.

Mwezi uliopita akina mama wa kanisa letu tulikwenda kugawa sabuni katika kambi moja ya waliokimbia vita, pembeni mwa mji, mahali ambapo hema zimebanana hadi mtu akipiga chafya jirani anamwombea afya bila kutoka nje. Nilipewa kazi ya kuhesabu, maana wote wanajua ugonjwa wangu. Kila mtu mzima alikuja mwenyewe na kupokea kipande kimoja. Binti mmoja wa miaka ishirini na kitu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa uangalifu, akanyoosha mikono miwili.

“Moja ya mimi, moja ya baba,” alisema.

“Baba mwenyewe iko wapi? Akuye achukue na mukono yake.”

“Hawezi kuya, mama. Amezama.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka kidogo, bila ubaya. Mmoja akanieleza, kama mtu anayemsaidia mgeni: “Anataka kusema muzee iko na mawazo mingi. Kichwa yake ilibakia kwao Bule.” Lakini binti akatikisa kichwa. “Hapana. Haiko mawazo. Amezama.” Hapo nikapoteza hesabu ya sabuni, jambo ambalo wenzangu bado wanalizungumzia. Hapa Bunia mtumbwi wa ziwani huzama, gari huzama katika matope ya barabara ya Iga Barrière, lakini mtu aliyekaa kimya tunasema iko anawaza, au ana mawazo, au, siku hizi, jina la Kifaransa wanalolileta wenye koti jeupe. Kusema “amezama”, neno tupu, bila kuongeza katika nini, kama unavyosema amekula au amekwenda sokoni, nilikuwa nimelisikia katika nyumba moja tu duniani, na kwa mwaka mmoja tu. Nikamuuliza baba yake anaitwa nani. Akasema Ngabu. Nikauliza Ngabu wa wapi. “Wa Bule, mama. Lakini zamani sana alitumika hapa hapa Bunia, kwa mama mumoja mwenye alikuwa ananunua zahabu.” Nikampa vipande vitatu vya sabuni na nikaandika viwili.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nchi bado ikiitwa Zaire, na nilikuwa nimefika Bunia na mfuko mmoja na mdomo mmoja, na chenye uzito kilikuwa mdomo. Mama Safi, mwenye nyumba ya kununulia dhahabu, alinichukua kwa sababu alinisikia mbele ya lango lake nikibishana na muuza makaa mpaka yule mtu akashusha bei na kuniachia gunia lenyewe bure. Alinipa kazi ya soko, jikoni na ufagio. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vilivyopangana kama mabehewa. Cha mbele kilikuwa na benchi la wachimbaji wanaongoja zamu, cha nyuma kilikuwa jiko, na cha katikati kilikuwa chumba cha kupulizia. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko chumba changu cha leo. Dirisha lake lilizibwa kwa blanketi la kijeshi. Mlango ulikuwa na mapazia mawili, moja ndani ya lingine, ili upepo ukipenya la kwanza ukwame kwenye la pili. Mwanga uliingia juu tu, kupitia kioo kilichowekwa mahali pa kipande cha bati, ukaanguka moja kwa moja juu ya meza iliyotandikwa ngozi ya ng'ombe iliyokwanguliwa ikawa laini kama shavu. Mezani palikuwa na mizani ya sahani mbili, sumaku iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, sarafu za wakati wa Wabelgiji, na vijiti vya kiberiti. Sarafu na vijiti ndivyo tulivyopimia. Sarafu zilizochaguliwa zilifanya tola, ambayo ni gramu kumi na moja na kidogo, na kijiti kilikuwa kipimo cha mtu mwenye bahati ndogo. Sakafu ya saruji niliifagia mara mbili kwa siku kwa ufagio laini, na taka nilizitia katika kopo la maziwa ya unga, maana kila mwisho wa mwezi tulizisafisha kwa maji na kupata chochote kilichoanguka. Ukitoka humo ulipangusa nyayo juu ya beseni. Tulikuwa nyumba pekee katika mtaa mzima ambayo taka zake zilifungiwa kwa kufuli.

Aliyekaa kwenye meza hiyo alikuwa Ngabu. Alinizidi miaka minne au mitano, hivyo nilimwita yaya, yaani kaka; alikuwa mwembamba, na mashavu yake hayakulingana na mwili, kama ya mpiga tarumbeta. Dhahabu ya mchimbaji hufika imechanganyika na mchanga mweusi. Ngabu aliimwaga kwenye sahani bapa ya shaba, akapitisha sumaku, kisha akaanza kupuliza huku vidole vikigonga ukingo polepole. Pumzi ya kazi hiyo hainunuliwi: inatakiwa iushinde mchanga na ishindwe na dhahabu, na dhahabu ya unga ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Alipuliza mara tatu, akipima kila mara katikati. Ilichukua muda wa kuivisha sombe ya majani ya muhogo, na muda wote huo macho yake hayakutoka kwenye sahani na midomo yake ilibaki imechongoka. Siku yangu ya kwanza nilitaka kuingia nimuulize kama anakula sasa au baadaye. Mama Safi akanishika kiwiko kwenye pazia.

“Usimuite. Amezama.”

“Amezama wapi, mama?”

“Weye mutoto wa Butembo, kule kwenu batu hawatumikake? Amezama. Ungojee.”

Baadaye nilifundishwa sheria yenyewe, na haikuwa na uchawi wowote. Mtu akiitwa jina lake huitika. Ndivyo tulivyolelewa wote, ukiitwa na mkubwa au mdogo unaitika. Na huwezi kuitika bila kutoa pumzi. Kwa hiyo mtu akizama haitwi. Ukiwa na neno la lazima, unaingia bila viatu, unaweka mkono wako mezani, wazi, kiganja juu, karibu na sahani lakini bila kuigusa, na unangoja. Macho yake yatafika kwenye mkono yenyewe, wakati wake. Akiuona, atamaliza pumzi aliyonayo, ataweka sahani chini, ndipo atakutazama. Niliwahi kungoja mpaka mkono ukafa ganzi, nikimletea habari kwamba chai imepoa. Alipofikia kuniona, chai ilikuwa imepoa mara ya pili.

Tulikula saa nane, watatu, uani, kwenye sinia moja: bugali ya muhogo, sombe, maharagi, na siku nzuri samaki, ambaye Mama Safi alimgawa kwa macho kabla ya kumgawa kwa mkono. Hapo ndipo neno lile lilipozungushwa kama mfupa. Mama Safi alilitumia kama mtu anayetaja mali. Mtu akija kudai alijibu kupitia lango kwamba yeye amezama, kumbe anapepeta mchele. Ngabu hakukubali hilo. Alikuwa mpole katika kila kitu isipokuwa neno hilo.

“Mama, weye huzamake,” alimwambia siku moja, akilamba kidole. “Ukihesabu makuta, falanga ikianguka kwa jirani unaisikia. Ile si kuzama. Ile ni kuvizia.”

“Na mimi?” nikauliza. “Nikibishana bei sokoni, sizame?”

“Weye? Weye ukibishana unaona viatu vya muuzaji, unaona mutoto wake iko analia, unaona mvua iko nakuya, na vyote unavitia kwa bei. Ile ni kuamka, Kavira. Sijaona mutu mwenye ameamka kama weye. Unachokesha.”

Mama Safi alicheka hadi akakosa kugawa kichwa cha samaki, na mimi nikakichukua. Lakini nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimekwishaanza kupenda neno hilo na nilitaka nami niwe na haki ya kulitumia. Nikamlazimisha anieleze, na alinieleza kwa wiki nyingi, kidogo kidogo, kama mtu anayelipa kwa awamu. Kuzubaa, alisema, ni bure, kila mtu anaweza, na mwenye kuzubaa ukimpiga kofi anakushukuru. Kuwaza ni kutafunwa; mtu anakaa hapa na kitu kinamla kule. Kusinzia ni mwili. Kuzama ni pale kitu kilicho mbele yako kinakutosha. Nzi akikaa kwenye pua yako na ukajua ni nzi, bado hujazama. Nikamuuliza huko ndani kukoje. Akafikiri mpaka bugali ikapoa. “Hakuna mutu,” alisema. “Mimi mwenyewe sikoko.” Leo nikiwa na umri huu, na goti linaloniamsha kabla ya jogoo, naona kwamba alikuwa akinieleza mapumziko, na mimi nilidhani ananieleza kazi.

Kutoka chumba cha mbele tulisikia wachimbaji wakinong'ona, maana hata wao walikuwa wameshika adabu ya nyumba. “Ule mutu iko anasali?” mmoja aliuliza. “Hapana, iko anapuliza minerval ya masomo ya watoto wako,” mwenzake akamjibu. “Kwa hiyo wee funga kinywa.” Na alifunga. Nimesimamia watu wengi tangu wakati ule, nimewalipa, nimewafokea, lakini sijawahi kuona ukimya wa heshima kama ule wa wanaume waliotoka mashimoni na tope mpaka masikioni, wakishika vikohozi vyao kwa viganja kwa sababu kijana mmoja nyuma ya pazia amezama.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo linalonichosha nikiikumbuka. Mama Safi alinipa pesa ya samaki mdogo. Sokoni nikamkuta mwanamke kutoka ziwani Kasenyi amebakiwa na samaki mmoja tu, kapiteni mrefu kama mkono wangu, na wingu limekwishaweka kivuli juu ya meza yake. Nilitazama wingu, nikamtazama yeye, nikatazama viatu vyake ambavyo havikuwa vya matope, na nikataja bei ya kumtukana. Tulibishana mpaka tone la kwanza. Nikamchukua kapiteni kwa bei ya samaki mdogo, na chumvi juu. Nilirudi nikikimbia, samaki kifuani kama mtoto, na njia nzima nilifikiria mtu mmoja tu wa kumwonyesha: yule aliyesema kwamba nimeamka mno. Sikupita jikoni; nilipita mbele, na benchi lilikuwa tupu. Nilivua viatu, hilo nilikumbuka. Nikafungua pazia la kwanza, nikafungua la pili.

“Yaya Ngabu, angalia.”

Akaitika. Aliinua kichwa na kusema “Eeh, Kavira,” kwa sauti ya mtu anayetoka mbali, na pumzi yote aliyokuwa ameihifadhi mashavuni ikatoka pamoja na jina langu. Sikuona kitu kikiruka. Niliona tu mwanga ulioshuka kutoka kwenye kioo umekuwa wa manjano, kwa muda wa kufumba jicho, halafu ukarudi kuwa mwanga.

Mwenye dhahabu alikuwamo humo humo chumbani, mchimbaji wa upande wa Iga Barrière, amechuchumaa kwenye kona yake. Hakuna mwenye dhahabu anayeiacha ipulizwe bila yeye kuona. Lakini naye alikuwa amezama. Tangu asubuhi jicho lake lilikuwa ndani ya sahani, na sikio lake, kama sheria ya mambo hayo ilivyo, halikuwa pamoja naye. Alipiga ukelele, akaanza kupapasa sakafu. Mama Safi akafika kutoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa nimekwisharudi nyuma, kati ya pazia na pazia, na samaki wangu.

“Nini?” aliuliza.

“Nilikohoa,” Ngabu akasema.

Mama Safi akamtazama mchimbaji, na mchimbaji, akiwa bado chini, akasema hajui, alisikia tu pumzi. Mama Safi akageuka akaniona. “Na weye unafanya nini pale?” “Nimeleta samaki,” nikajibu, na lilikuwa jibu la kweli kabisa. Nimefanya biashara miaka mingi na najua kwamba uongo wa thamani hutengenezwa kwa kweli tupu.

Siku tatu tulifagia na kusafisha kwa maji. Tulifua mapazia yote mawili, tulifua blanketi la dirisha, tulikwangua ngozi ya meza, na Ngabu mwenyewe alikaa ndani ya beseni na nguo zake akasuguliwa kichwa na masikio kama mtoto wa ubatizo, maji yakahifadhiwa. Baada ya pulizo la pili dhahabu ilikuwa imepimwa tola mbili kamili. Tulipata tola moja na vijiti vinne. Nilipima tena. Vijiti vinne. Samaki alioza uani. Hakuna aliyemkumbuka wala aliyekuwa na uso wa kumla. Sheria ya nyumba ilijulikana: anayekohoa analipa. Kwa desturi ya wakati ule mfanyakazi aliuacha mshahara wake kwa mwenye nyumba ulundikane, na wa Ngabu ulikuwa umelundikana miezi tisa, ukingojea mbuzi wa mahari huko Bule. Ukaenda wote. Haukutosha. Ikaenda na baiskeli yake, pamoja na kengele. Siku zote hizo tatu tulikula kwenye sinia moja na hakuniangalia vibaya hata mara moja, nami nilikuwa na nafasi ya kusema kati ya kila tonge na tonge. Zilikuwa nafasi nyingi. Sikuzihesabu, na ndicho kitu pekee cha mwaka ule ambacho sikuhesabu.

Asubuhi aliyoondoka nilimsindikiza hadi langoni kungoja lori la Bule. Alikuwa na gunia la nguo. Nilimpa karanga katika karatasi. Nilijua atasema kitu, nikawa nimeandaa majibu matano. Akasema: “Kavira, ile samaki, ulinunua ngapi?”

Nikamwambia bei.

“Ulibishana muzuri,” alisema, na akapanda lori.

Nikapewa meza yake kabla ya mwezi kwisha. Nilijifunza kupuliza, na vidole vyangu vilikuwa vizuri, lakini sikuzama hata siku moja. Nilipuliza na masikio wazi, nikijua nani amekuja, nani amekohoa benchini, mvua iko wapi. Wachimbaji waliniamini kwa sababu hiyo. Mama Safi alipozeeka aliniachia mizani, na alipokufa sikuwa nimemwambia. Miaka hii yote nimebishana na nafsi yangu kwa nini Ngabu alisema alikohoa. Labda alinihurumia. Labda aliona kwamba mimi sina kwetu pa kurudi na yeye anapo. Labda aliniwazia jambo lingine, ambalo mimi nami nililiwaza nikikimbia na samaki. Kila bei ninayotaja, naiona ndogo.

Tangu siku ya sabuni nimekwenda kambini mara nne. Ngabu anakaa mlangoni mwa hema juu ya ubao, nywele nyeupe, mashavu yameshuka. Macho yake yako mahali pamoja chini, hatua moja mbele ya miguu, na midomo yake imechongoka kidogo. Anakula ukimpa. Anaoga ukimpeleka. Neema, ndiyo jina la binti, anasema baba yake alianza siku walipofika, baada ya kumzika mkewe njiani. Alikaa hapo ili apumzike kidogo, na bado anapumzika. Mara ya pili nilimpelekea sahani ya shaba na mchanga mweusi kidogo, nikidhani nina akili. Neema akaniuliza kwa heshima kwa nini ninawaletea taka. Nikaiweka mbele ya Ngabu. Upepo wa kambi, ambao hauna mapazia, ukapuliza wote kabla yake, na yeye hakuhamisha jicho. Nikafuta sahani na kanga, nikairudisha mfukoni. Nimezoea hasara ndogo.

Mara ya tatu Neema ndiye aliyeanza. Alikuwa akikunja nguo. “Mama, weye ulitumika naye. Ni kweli alikohoa, zahabu yote ikamwangika? Alituambiaka vile. Sisi nyumbani hatukukohoaka mezani. Mutu akisikia kikohozi kinakuya, anakimbia inje. Mupaka wageni walikuwa wanatucheka.”

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba nafasi kama hiyo hairudi kati ya tonge na tonge. Nikamwambia. Nilimwambia yote, na samaki, na bei. Alisikiliza akiwa ameshika mabega mawili ya shati la baba yake.

“Kumbe hakukohoaka,” alisema.

“Hakukohoa. Nilimuita, akaitika.”

Alikunja lile shati, akalikunjua, akalikunja tena. Nilingoja anifukuze, na ningeondoka. Badala yake alinitazama kama muuzaji aliyeona mteja ana pesa. “Siye tunamuita kila siku, mama. Mimi namuita baba, majirani wanamuita muzee, hata pasta alimuita. Haitikie. Lakini weye ulimuita akiwa amezama sana, na aliitika. Basi umuite. Ukitaka kulipa, lipa vile.”

Ni hoja nzuri. Nimeipindua kila upande kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu, na sijauona. Lakini najua kitu ambacho Neema hajui, kwa sababu sikuweza kumwambia vizuri. Sijui ana nini kwenye sahani yake sasa. Anaweza kuwa amekwama huko na anangoja mtu amtoe. Anaweza pia kuwa anatenganisha kitu, mke wake na njia ile, shamba na moto, polepole, kwa pumzi anayoijua yeye, na amebakiza pulizo moja. Mara ya kwanza niliita kwa furaha yangu, sikutazama amefika wapi. Nikimwita na akaitika, kama alivyolelewa, kile alichokishika mashavuni kitatoka, na hakuna ufagio wa kukirudisha. Na asipoitika, nitakuwa nimejua hilo pia, na sitaki kulijua. Yeye mwenyewe aliniambia kuzama ni pale kitu kinakutosha. Hakuniambia mtu anafanyaje kitu kinapomzidi.

Kwa hiyo mara ya nne, Jumamosi iliyopita, nilivua viatu. Nikakaa chini mbele yake, goti likilalamika, nikaweka mkono kwenye mkeka, wazi, kiganja juu, pembeni ya mahali macho yake yanapokaa lakini bila kupagusa. Nikangoja. Nilitazama nyusi zake, kovu dogo la ncha ya sumaku ya zamani kwenye kidole gumba, pumzi yake ikiingia na kutoka kwa mpangilio ule ule. Mara moja nilidhani jicho limesogea, upana wa kijiti cha kiberiti hivi, upande wangu. Siwezi kuapa. Kisha nikahisi mtu ananishika bega. Alikuwa Neema, ameloa, anatuvuta sote wawili kuingia hemani, na maji yalikuwa yamejaa katika kiganja changu. Mvua ilikuwa imenyesha muda. Alisema ameniita mara tatu. Mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, sikusikia hata mara moja.

Jumamosi nitarudi. Mkono wangu bado una nguvu, ila umri wake na wangu nimeujumlisha, na siku za kungoja si nyingi kama zamani. Ninyi mnaosoma haya, pengine mmoja wenu amewahi kukaa mbele ya mtu wake namna hii: nishaurini. Nimwite jina lake, au mkono uendelee kungoja? Ushauri wenu ukiwa na bei, itajeni. Safari hii sitabishana.